Asiyekuwapo na lake halipo? Fedha za shule na watoto wa Wambuti

Wazee walinena: Asiyekuwapo na lake halipo. Ukweli wa maneno haya twauona kila siku. Mtu asiyefika kwenye mgawo wa nyama huachiwa mfupa, na mtu asiyefika barazani husikia kwamba shauri lake limekwisha kukatwa na wengine. Lakini ziko kazi ambazo methali hii ikiingizwa ndani yake huleta dhuluma, na moja ya kazi hizo ni kugawa fedha za shule. Katika Ituri yetu wako watoto ambao, kwa sababu ya maisha ya wazazi wao, mara nyingi hawapo siku ile majina yanapohesabiwa. Hao ni watoto wa Wambuti, ambao wengi wamezoea kuwaita Mbilikimo. Leo twataka kueleza jinsi fedha za shule zilivyotolewa tangu zamani za Wabelgiji mpaka siku hizi, na kwa nini fedha hizo, hata zilipokuwa nyingi, ziliwapita watoto hao kama maji yapitavyo kando ya jiwe.

Sisi wa Nyankunde tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Nyankunde iko kilomita zipatazo 45 kusini magharibi ya Bunia, katika nchi ya Wabira wa Andisoma, mahali pa vilima na majani. Ukishika njia ya magharibi na kupita Komanda, waingia katika msitu mkubwa uendao Mambasa, Epulu na mbele zaidi. Huko msituni wanakaa Wabira wengine, ndugu wa hawa wa nchi ya majani, nao tangu zamani sana wamekaa pamoja na Wambuti. Basi, Wambuti si watu wa mbali ambao twasoma habari zao vitabuni tu. Ni jirani wa ndugu zetu.

Maisha ya kuhama si uvivu

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini mtoto wa Mmbuti haonekani darasani kila siku. Watu wengi wa vijijini husema upesi: "Hawa hawapendi masomo." Neno hilo ni jepesi mno, wala halimfundishi mtu kitu.

Wambuti wanaokaa na Wabira huwinda kwa nyavu. Wanaume husimamisha nyavu zao zikishikana katika nusu duara, na wanawake pamoja na watoto huingia upande wa pili wakipiga kelele na kupiga vichaka, ili wanyama wakimbilie nyavuni. Tazama vizuri, msomaji: katika kazi hii mtoto si mtazamaji. Ana mahali pake na kazi yake. Akikaa shuleni, mstari wa wenye kufukuza wanyama unapungua, na chakula cha jioni chaweza kupungua pia. Waefe nao, ambao hukaa karibu na Walese upande wa kaskazini, hupendelea upinde na mishale, lakini nao hufuata wanyama mahali walipo.

Tena yako majira ya asali, ambayo mahali pengi huangukia katikati ya mwaka. Wakati huo kambi nzima huingia ndani ya msitu, kwa maana asali ndicho chakula chao cha furaha, na mti wenye nyuki haungoji kengele ya mwalimu. Lakini katika shule zetu katikati ya mwaka ndio wakati wa mitihani ya mwisho. Mtoto aliyesoma vizuri tangu Septemba huandikwa mtoro mwezi wa Juni, na kazi ya miezi 9 hupotea.

Wakirudi kijijini, Wambuti hubadilisha nyama na asali kwa ndizi, mihogo na vyuma. Katika biashara hiyo ya zamani mwanakijiji alijiona kuwa bwana wao, akawasemea mbele ya serikali na mbele ya wageni. Jambo hili tulikumbuke, kwani litatokea tena tutakapokuja kwenye fedha.

Mtu mmoja aliyewatazama bila dharau alikuwa padre. Padre Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, alifika Ituri mara ya kwanza mwaka 1929, akakaa katika kambi zao, akarudi mara kadhaa baadaye. Vitabu vyake viliwafahamisha watu wa Ulaya kwamba Wambuti wana dini yao, adabu zao na sheria zao. Lakini kitabu cha mtaalamu hakilipi mshahara wa mwalimu. Sasa tuone mshahara huo ulitoka wapi.

Fedha za misheni na za serikali ya Wabelgiji

Tarehe 26 Mei 1906 Kiti cha Papa na serikali ya Kongo ya wakati ule walifanya mapatano. Serikali ilikubali kuwapa wamisionari mashamba ya hekta 100 hadi 200 kwa kila misheni, nao wamisionari waliahidi kufungua shule kila ilipowezekana, ambamo watoto wangefundishwa pia kilimo na kazi za mikono. Hivyo tangu mwanzo shule ilifungwa pamoja na shamba, na shamba halihami.

Katika nchi yetu Mapadre Weupe ndio walioeneza shule za misheni. Mwaka 1922 sehemu hii ilifanywa Prefektura ya Ziwa Albert, mwaka 1933 ikawa Vikarieti, na mwaka 1959 ikawa Jimbo la Bunia. Miaka ya kwanza shule zilisimama kwa sadaka za waamini wa Ulaya na kwa jasho la makatekista. Halafu, kwa mapatano ya mwaka 1925, serikali ya Ubelgiji ilianza kutoa msaada wa fedha kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, na karibu zote zilikuwa za Wakatoliki. Programu yake ilichapishwa mwaka 1929. Ndugu zetu Waprotestanti walingoja mpaka mwaka 1948 kuupata msaada huo.

Haifai tuyadharau mafaa ya fedha hizo. Kwa fedha hizo wazazi wengi wa Ituri walijifunza kusoma na kuandika. Lakini shule iliyotaka msaada ilipaswa kufuata programu ya serikali, kukaguliwa, na kuonyesha wanafunzi katika madarasa yake. Mkaguzi alikuja na karatasi, akahesabu vichwa, akaondoka. Kwa kijiji kilichokaa mahali pamoja hesabu hiyo ilikuwa ya haki. Kwa kambi iliyohama haikuwa na maana. Kama siku ya ukaguzi kambi ilikuwa mwendo wa siku 2 ndani ya msitu, watoto wake hawakuwamo katika hesabu, na kwa kuwa hawakuwamo katika hesabu, fedha yao haikuwako. Asiyekuwapo na lake halipo!

Serikali ilipowakumbuka Wambuti, shauri lake lilikuwa moja: watoke msituni. Barabara ilipokwisha kukatwa msituni, vijiji vilivutwa kando yake, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni walijaribu kuwakalisha Wambuti kwenye mashamba hayo ya kando ya barabara. Wengi waliugua kwa jua na kwa magonjwa wasiyoyazoea, wakarudi msituni. Baada ya uhuru wakubwa wa serikali walirudia shauri hilohilo kwa maneno mapya. Siku zote walisema mtoto aje kwenye shule. Wachache mno waliuliza kama shule nayo yaweza kumwendea mtoto.

Padre Longo wa Nduye

Mmoja wa hao wachache alikuwa Padre Bernardo Longo, Mwitalia wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu, ambao huitwa Wadehoni. Alifika Kongo mwaka 1938. Katika msitu wa kaskazini ya Mambasa alianzisha misheni ya Nduye, akajenga shule na karakana, akafanya urafiki na Wambuti wa huko. Hakuwatazama kama watu wa kuonyeshwa kwa wageni wenye kamera.

Halafu zikaja siku za waasi Simba. Tarehe 3 Novemba 1964 Padre Longo aliuawa huko Mambasa. Mwezi uleule, tarehe 26, Askofu wake, Joseph Wittebols wa Wamba, naye aliuawa, na tarehe 1 Desemba huko Isiro aliuawa Sista Anuarite Nengapeta, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985.

Twaikumbuka sadaka ya Padre Longo kwa heshima. Pamoja na hayo, mtu anayeandika historia ya fedha hana budi kusema neno moja zaidi. Kazi ya namna ile ilitegemea upendo wa mtu na sadaka za rafiki zake wa ng'ambo. Msaada unaomfuata mtu mmoja una moto mwingi, lakini hukaa hatarini, kwa maana siku mtu huyo akiondolewa, hakuna sheria wala daftari linalosema kwamba watoto wale bado wana haki yao. Upendo huanzisha kazi. Kuidumisha miaka 50 kwahitaji utaratibu pia.

Wakati wazazi walipolipa

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za madhehebu yote. Haikuchukua muda ikaona mzigo ni mzito, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mapatano ya kuwarudishia wenye dini usimamizi wa shule. Tangu hapo shule zetu ni za serikali kwa mishahara na programu, lakini za Kanisa kwa uongozi. Mpango huo unaendelea mpaka leo.

Lakini mshahara uliokuwa ukitoka Kinshasa ulipungua thamani mwaka hata mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa karibu si kitu. Walimu waligoma. Ili shule zisife, wazazi walikubali kutoa fedha za kuwatia walimu moyo, juu ya karo ya kawaida. Likawa jambo la dharura, na dharura ile ikakaa zaidi ya miaka 25.

Twawashukuru wazazi wale, kwa kuwa shule za Kongo zilisimama juu ya mabega yao: kuku aliyeuzwa, gunia la maharagwe, debe la mafuta ya mawese. Lakini Mmbuti hana gunia la kuweka mpaka mwisho wa mwezi. Chakula chake hupatikana leo na kuliwa leo, na fedha taslimu hupita mikononi mwake mara chache. Mwalimu ambaye mshahara wake watoka kwa wazazi hawezi kupenda mtoto asiyeleta kitu, hata kama moyo wake ni mwema, kwa maana naye ana watoto nyumbani. Ndipo mtoto wa Mmbuti alipofukuzwa mara mbili: kwanza na karo, pili na wenzake waliomcheka kwa nguo zake na kwa jina lake.

Shule bila malipo, na gharama zilizobaki

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na haina malipo. Neno hilo lilikaa karatasini mpaka Septemba 2019, serikali ilipoanza kulitimiza. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kwa ajili ya mpango huo. Watoto wengi mno waliingia shuleni, na madarasa yakajaa mpaka wengine kukaa chini. Walimu wengi nao walikuwa bado hawajaandikwa katika orodha ya mishahara.

Je, watoto wa Wambuti walifikiwa? Kizuizi kimoja kikubwa kiliondolewa, na hilo ni jambo jema sana. Lakini karo ilikuwa mlango mmoja tu, na nyuma yake iko milango mingine.

Mlango wa kwanza ni njaa. Mtoto wa kijiji huacha nyumbani sufuria yenye mihogo. Mtoto wa kambi hula kile kilichookotwa au kuwindwa siku ile, na akikaa darasani mpaka adhuhuri huenda akakosa vyote viwili. Mlango wa pili ni lugha. Nyumbani husema Kibira au Kilese, shuleni hukuta Kiswahili, na mbele yake kinamngoja Kifaransa. Mlango wa tatu ni karatasi, kwa maana wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti hupata taabu kila mahali panapotakiwa majina. Mlango wa nne ni ule wa zamani wa kuhesabiwa.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba darasa moja la msituni lina watoto 40 mwezi wa Septemba, na 12 kati yao ni Wambuti. Mwezi wa Juni wale 12 wako kwenye asali. Wakubwa wakitumia hesabu ya Juni kupanga walimu na vitabu vya mwaka ujao, darasa hilo litaandikwa kuwa na watoto 28. Septemba ikija, watoto 40 wanarudi, na vitabu ni vya 28. Nani atakosa kitabu? Ni wale wale 12. Hakuna mtu aliyewachukia. Hesabu yenyewe ndiyo iliyowatupa nje.

Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata sheria ya pekee ya kulinda na kukuza haki za Wambuti na wenzao katika nchi nzima, pamoja na haki yao ya elimu. Tuifurahie. Lakini sheria ni kama kinywa, na bajeti ni mkono. Kinywa kikiahidi na mkono ukakaa mfukoni, mtoto hapati daftari.

Wengine walivyofanya

Haya si matatizo ya Ituri peke yake. Kila mahali penye watu wa kukaa na watu wa kuhama, shule imejengwa na watu wa kukaa. Yafaa tuangalie nchi tatu.

Katika Uingereza wako Wajipsi na Wasafiri, ambao kwa vizazi vingi wamekaa katika nyumba zenye magurudumu, wakifuata kazi za mavuno, maonyesho na biashara ndogondogo. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilijua kwamba mzazi wa namna hiyo hawezi kumleta mtoto kila siku. Ikasema kwamba asihukumiwe ikiwa mtoto amehudhuria kwa kadiri kazi ya mzazi ilivyoruhusu, na aliyetimiza miaka 6 awe amehudhuria nusu-siku 200 kwa mwaka. Hapo hesabu ilijaribu kufuata maisha. Mwaka 1966 sheria nyingine ilitoa fedha za kuajiri watu wa kuwasaidia wageni waliotoka nchi za Jumuiya ya Madola, lakini Wajipsi hawakuwamo, kwa kuwa hawakuwa wageni. Mwaka uliofuata, taarifa kubwa juu ya shule za msingi, inayoitwa taarifa ya Plowden, ilisema kwamba watoto wa Wajipsi huenda ndio walionyimwa kuliko wote katika nchi. Ilichukua zaidi ya miaka 20, mpaka sheria ya mwaka 1988, kupata fedha ya pekee kwa ajili yao. Kwa fedha hiyo waliajiriwa walimu waliowafuata watoto kambini na kupeleka habari zao kutoka shule hadi shule. Mwaka 2011 fedha hizo, pamoja na za makabila mengine madogo, zilimwagwa katika fungu moja la shule zote. Tangu hapo mahali pengi kazi hiyo ilipunguzwa au kufungwa. Twajifunza hapa neno kubwa: fedha ikipoteza jina lake, humpoteza na mwenyewe.

Nchi ya pili ni Uganda, jirani yetu. Huko Karamoja, mwaka 1998, serikali na wasaidizi wake walianzisha masomo yaliyofanywa karibu na maboma ya wafugaji, saa za asubuhi na jioni, ili watoto waweze kuchunga mchana. Walitumia lugha ya wenyeji na walimu waliotoka kwao.

Nchi ya tatu ni Kamerun. Huko Wabaka ni watu wa msitu kama Wambuti. Bruda Antoine Huysmans wa Shirika la Bruda wa Shule za Kikristo alitunga njia ya kuwafundisha inayoitwa ORA, maana yake Tazama, Fikiri, Tenda. Ni madarasa ya kumtayarisha mtoto, yakianza na mambo ya msitu anayoyajua, kabla hajaingia shule ya kawaida. Njia hiyo ilienea mpaka Kongo-Brazzaville.

Nalo Kanisa limetamka neno lake. Tarehe 26 Septemba 1965 Papa Paulo VI aliwaendea Wajipsi katika kambi yao huko Pomezia, karibu na Roma, akawaambia kwamba wao hawako pembeni mwa Kanisa bali ndani ya moyo wake. Tutambue kwamba alikwenda yeye kambini, wala hakuwaita ofisini.

Tulipokuwa sisi wenye kuhama

Labda msomaji wa Nyankunde atasema: "Haya ni mambo ya watu wa msitu, sisi ni watu wa nyumba." Tukumbuke basi mwaka 2002.

Tarehe 5 Septemba 2002, mwezi ambao kwa kawaida shule hufunguliwa, Nyankunde ilishambuliwa. Siku hiyo na siku zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 1,000. Hospitali kubwa ya Waprotestanti, ambayo tangu miaka ya 1960 ilikuwa imewatibu watu wa kila kabila, iliporwa na kuharibiwa. Waliookoka walikimbia, wengine kwa miguu kupitia msituni mpaka Oicha na Beni. Na kuanzia Oktoba ya mwaka ule mpaka Januari 2003 vita viliwafikia watu wa Mambasa, na Wambuti wenyewe walitoka mafichoni mwao wakakimbia pamoja na wanakijiji. Siku zile, katika njia moja, mwenye nyumba na mwenye kambi walikuwa sawasawa.

Mtoto wa Nyankunde aliyefika ugenini alikuwa nani mbele ya shule? Hakuwa na karatasi, hakuwa na karo, jina lake halikuwamo katika orodha yoyote. Pengine alisema kwa namna tofauti na wenzake, na wenzake wakamcheka. Mwalimu wa ugenini angaliweza kumwambia: "Wewe huna mahali hapa, rudi kwenu." Na kwao kulikuwa majivu. Wako watoto waliopokewa bila kuulizwa kitu, nao leo ni wauguzi, walimu na wazazi. Wako wengine waliokosa mwaka mmoja, kisha miwili, kisha wakaacha kabisa.

Watu walirudi, nyumba zikaezekwa, hospitali ikainuliwa tena. Lakini mahali palipopata kuonja maisha ya asiyekuwamo katika orodha pangepaswa kuwa pa kwanza kumfahamu mtoto wa Mmbuti. Yale yaliyowapata watoto wa Nyankunde kwa muda, yeye ameyaishi tangu babu yake.

Yatupasa nini?

Historia hii yaonyesha kwamba fedha zimetoka mahali pengi: kwa waamini wa Ulaya, kwa serikali ya koloni, kwa wazazi, kwa serikali yetu, na kwa benki kubwa za dunia. Kila mara zimekwenda kwenye benchi na darasa, zikangoja mtoto aje azichukue. Maadamu ni hivyo, mtoto anayetembea hatafikiwa, hata dola zikiongezwa mara mbili.

Basi, kwanza, jina la mtoto lihesabiwe mahali alipo. Mtoto wa kambi aandikwe mara moja, apewe karatasi yake, na akihamia upande mwingine wa msitu, shule ya huko impokee na jina lake. Kumpatia cheti cha kuzaliwa si kazi ya serikali peke yake. Katekista anayepita kambini anaweza kuwaonya wazazi mapema na kuwasindikiza ofisini.

Pili, kalenda ifuate msitu. Kama mtihani wa mwisho hauwezi kusogezwa, basi majaribio ya darasa na marudio yaweza kufanywa kabla ya asali, na mtoto asiitwe mtoro kwa kumfuata mama yake.

Tatu, fungu la fedha liwe na jina. Chakula cha adhuhuri, madaftari, na posho ya mwalimu msaidizi anayetoka kambini mwenyewe viandikwe katika hesabu kwa jina la Wambuti, ili mtu yeyote aweze kuuliza: Fungu hili limefika?

Nne, fungu hilo lisipitie mikononi mwa wale wanaojiita mabwana wao. Wazazi wa kambi nao wakae katika kamati ya shule, wasikie hesabu ikisomwa kwa lugha wanayoifahamu. Anayesemewa siku zote hawezi kujua kama alichopewa ni chote.

Na sisi wa parokia? Mkono mmoja haulei mwana. Tunapotoa mchango kwa shule, tuulize ni watoto wangapi wa Wambuti walio katika orodha, na wangapi walikuwamo mwaka jana. Swali hilo halina gharama, lakini likiulizwa kila mwaka mbele ya watu, mkuu wa shule atalitafutia jibu. Tena nyumbani tuwaonye watoto wetu wasimcheke mwenzao, kwa maana kicheko kimewafukuza wengi ambao karo haikuwafukuza.

Methali ya wazee tuiache sokoni na barazani, huko ina kazi yake. Shuleni yafaa isemwe kinyume: asiyekuwapo leo, lake liwekwe, mpaka arudi.